Kaka wa Dar na Dada wa Mwanza

Sisi ni waseminari wawili, mmoja wa Ngara, mwingine wa Biharamulo. Likizo iliyopita wa Ngara alimtembelea kaka yake Dar es Salaam. Wa Biharamulo alikwenda Mwanza kwa dada yake. Tuliporudi tulikaa tukalinganisha.

Zamani tuliamini kaka ndiye mwenye nacho, maana mshahara wake ni mkubwa kuliko wa dada. Kila muhula ukianza tulimpigia simu. Akichelewa kutuma, tulinung'unika.

Sasa tumeona wenyewe. Dada huenda kazini kwa miguu, na jioni hununua dagaa waliotoka ziwani hapo hapo. Kaka hupanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni. Mwenye nyumba wake hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Maharage ambayo nyumbani tunachota kwenye gunia, yeye hununua kwa kilo, na bei yake imeshabeba mafuta ya lori, ushuru na faida ya kila aliyeyashika njiani. Mwezi ukiisha, kaka hubakiwa na kidogo kuliko dada.

Kilichotuumiza zaidi ni hiki: nauli aliyotutumia muhula uliopita alikuwa ameikopa.

Mwezi huu tumempakilia gunia la maharage kwenye basi. Wapendwa wasomaji, kabla hatujauliza ndugu zetu wa mjini wanapata kiasi gani, tuwaulize kwanza wanabakiwa na nini.