Nyumba Ndogo Nyuma ya Gari: Matela ya Faibaglasi ya Kanada

Mji wa Winnipeg, makao makuu ya jimbo la Manitoba nchini Kanada, umejengwa mahali inapokutana mito miwili, Red na Assiniboine, katikati ya nchi tambarare ya mashamba ya ngano. Majira ya baridi huko ni marefu na makali. Baadhi ya usiku wa Januari hushuka hata kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa sababu hiyo wenyeji huyathamini mno majira yao mafupi ya joto, na kila mwenye nafasi hutamani kuutoka mji akalale kando ya ziwa au chini ya miti. Wapo waendao na mahema. Wapo waendao na matela makubwa ya kulala, yenye urefu wa basi, ambayo hayakokotwi ila na gari lenye nguvu nyingi. Na wapo waendao na tela dogo jeupe, la mviringo kama yai, linaloweza kukokotwa na gari la kawaida la nyumbani. Tela hilo lilizaliwa katika mji huohuo, na mengi ya zamani yangali yakitembea barabarani baada ya miaka zaidi ya 40.

ASILI YAKE

Mnamo mwaka 1968 mkazi mmoja wa Winnipeg, Ray Olecko, aliyekuwa amekwisha kubuni tangi la maji taka la faibaglasi, alifikiri kwamba ikiwa kitu hicho chaweza kutengeneza tangi jepesi lisilooza, basi chaweza pia kutengeneza nyumba ndogo ya safari. Akashirikiana na Sandor Dussa, na tela la kwanza likatoka. Walilipa jina la Boler, kwa kuwa umbo lake lilifanana na ile kofia ngumu ya mviringo waliyokuwa wakiivaa mabwana wa Kiingereza. Urefu wake ulikuwa futi 13, yaani kiasi cha mita 4, na uzito wake likiwa tupu ulikuwa kilo 400 na kitu.

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kutokana na boti za uvuvi na za abiria. Fundi wa tela huanza na kalibu mbili, moja ya nusu ya juu na moja ya nusu ya chini. Hupaka ndani ya kalibu rangi ngumu itakayokuwa ngozi ya nje, kisha hutandaza nyuzi za kioo pamoja na resini, na vikiisha kukauka hutoa ganda zima. Nusu mbili huunganishwa katikati kama yai lililofunikwa, na kiungo hicho huzibwa kwa ndani. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na matela ya kawaida, ambayo huwa na mifupa ya mbao iliyofunikwa mabati ya alumini. Tela la mbao na bati lina viungo vingi, na kila kiungo ni mlango wa maji. Mbao huoza ndani kwa ndani, na mwenyewe hutambua siku ukuta unapobonyea. Tela la faibaglasi lina kiungo kimoja tu kikubwa.

Utengenezaji wa Boler ulikoma katika miaka ya 1980. Hata hivyo, wazo lilikwisha kuvuka mpaka. Katika mji mdogo wa Backus, jimbo la Minnesota nchini Marekani, matela ya Scamp yamekuwa yakitengenezwa tangu miaka ya 1970, na katika mji wa Rice, jimbo la Texas, hutengenezwa Casita. Mwaka 2018, Boler ilipotimiza miaka 50, wenye matela ya namna hii walikusanyika Winnipeg na mamia ya matela yao, mengine yakiwa yametoka majimbo ya mbali.

UFA ULIO CHINI

Atakaye tela la namna hii mara nyingi hununua lililokwisha kutumika, naye hukuta mambo mawili yanayoshindana. Upande mmoja ni yale yaonekanayo: mapazia yaliyochakaa, mito ya viti iliyobonyea, rangi iliyofifia. Upande wa pili ni yale yasiyoonekana mpaka mtu alale chali chini ya tela akiwa na taa mkononi. Fedha za nyumba ni zilezile, wala hazitoshi yote kwa mara moja. Kosa la wengi ni kuanza na yale yaonekanayo.

Ganda la faibaglasi halishiki kutu wala halioliwi na mchwa, lakini limekaa juu ya fremu ya chuma, na chuma hushika kutu. Katika matela ya zamani ya aina ya Boler, sehemu inayojulikana kwa udhaifu ni pale mkono wa kukokotea unapojipinda na kuingia chini ya sakafu ya mbele. Kila shimo la barabara huutikisa mkono huo juu na chini, na baada ya miaka mingi chuma huchoka, kikafanya ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo ukiachwa, iko siku mkono utakatika gari likiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hapa haitoshi, maana ukuta huweza kujengwa tena, lakini abiria wa gari linalokuja mbele hawajengeki. Fundi mwema hauchomelei ufa juu juu. Huukwangua mpaka chuma safi, huulehemu, kisha huongeza bamba la chuma pembeni ili nguvu ienee.

Cha pili ni ekseli. Matela haya mengi hayana springi za kawaida. Ndani ya bomba la ekseli mna mipira iliyobanwa, nayo ndiyo hupokea mitikisiko ya njia. Mpira huzeeka hata kama tela limesimama tu uani; hukakamaa, na mitikisiko yote ikahamia kwenye fremu na kwenye ganda. Haifai kuurekebisha, dawa ni kununua ekseli mpya, na anunuapo, mwenye busara huchukua iliyo na breki za umeme, kwa sababu mengi ya matela ya kwanza hayakuwa na breki zozote. Kadhalika tairi hupimwa kwa umri pamoja na kashata zake. Tairi la miaka kumi laweza kuonekana jipya na likapasuka siku ya kwanza ya joto.

Cha tatu ni matundu. Makabati ya ndani hushikiliwa na ribiti zilizopenya ganda, na madirisha na kipitisha hewa cha paa vimekatiwa nafasi katika ganda hilo. Kila tundu ni njia ya maji iwapo kizibo chake kimekauka. Kama jahazi lisivyoshushwa majini kabla ya kukalafatiwa, ndivyo tela lisivyotolewa kabla ya kukaguliwa vizibo vyake. Dirisha hufunguliwa lote, gundi kuukuu hukwanguliwa, utepe mpya wa mpira unaonata huwekwa, kisha dirisha hurudishwa na maji ya bomba humwagwa juu yake kwa dakika kadhaa, mtu mmoja akiwa ndani anatazama.

Ganda lenyewe likipasuka, kazi yake si ngumu. Ufa hukwanguliwa kwa msasa mpaka kingo zake ziwe za mteremko, vitambaa vya nyuzi za kioo hulowekwa katika resini iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, navyo hupangwa kimoja juu ya kingine. Afanyaye kazi hiyo hana budi kuvaa glavu na kinga ya pua na kukaa penye hewa, kwani vumbi la kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu.

UZITO WA VITU VIDOGO

Baada ya chini kuwa salama, ndipo zamu ya ndani. Tela la futi 13 lina meza ambayo usiku hushushwa ikawa kitanda cha watu wawili, na kochi ambalo sehemu ya kuegemea huinuliwa ikawa kitanda cha juu cha mtoto. Pana jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ndogo na kabati la nguo. Mama wa nyumba aliyezoea jiko kubwa hujifunza upesi kwamba sufuria zilizo bora ni zile zinazoingiana, na kwamba kisu kimoja kikali chapita visu vitano.

Tamaa ya kuongeza vitu ndiyo adui wa tela dogo. Mfano wa hesabu ni huu: maji lita 60 ni kilo 60, betri kilo 25, kipoza hewa cha juu ya paa kilo 40, mitungi miwili midogo ya gesi iliyojaa kilo 30, chakula, nguo na matandiko kilo 100. Jumla ni kilo 255, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa tela lilipotoka kiwandani. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kikijaa hupasua ekseli. Kipoza hewa kina shida ya ziada, kwani paa la faibaglasi laweza kubonyea chini yake iwapo halikuwekewa nguzo ya kulishikilia.

Maendeleo ya ufundi yamesaidia kupunguza mzigo huo. Taa ndogo za kisasa hutumia umeme kidogo sana, na paneli moja ya sola ya wati 100 yatosha kuijaza betri kwa ajili ya taa, pampu ya maji na feni. Tahadhari moja haina mbadala: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, na moto wa jiko ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwa hiyo tela huwekewa kengele ya kugundua hewa hiyo na kengele ya gesi, na jiko haliwashwi kamwe kwa ajili ya kuota moto usiku.

Mizigo nayo ina mpango wake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa yapasa iegemee kwenye tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Tela la kilo 700 litaegemeza kilo 70 hadi 105, na hilo laweza kupimwa kwa kuweka ncha ya mkono wake juu ya mizani ya nyumbani. Vitu vizito vikirundikwa nyuma, mbele huwa nyepesi mno, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki hata likalipeleka gari mtaroni.

KUELEKEA MILIMANI

Safari ya karibu kwa watu wa Winnipeg ni ile ya Hifadhi ya Taifa ya Riding Mountain. Barabara huelekea magharibi mpaka mji wa Brandon, kisha hupinda kaskazini kiasi cha kilomita 100, na mashamba huachia nafasi misitu. Huko kuna ziwa Clear, lenye kambi na kijiji cha Wasagaming ufukweni, na karibu na ziwa Audy hutunzwa kundi la nyati wa Amerika, wanyama ambao zamani walijaa katika nchi hiyo tambarare.

Wenye likizo ndefu hufuata barabara kuu ivukayo Kanada. Kutoka Winnipeg hadi Calgary ni yapata kilomita 1,300 za nyanda tupu. Adui wa sehemu hiyo ni upepo wa ubavuni na malori marefu yanayopita kwa kasi. Umbo la mviringo husaidia kuukwepa upepo, lakini dereva hupunguza mwendo na kushika usukani sawasawa. Baada ya Calgary milima ya Rocky hutokea mbele kama ukuta, na baada ya kilomita 130 hivi gari huwa limefika Banff, hifadhi ambayo asili yake ni eneo lililotengwa mwaka 1885 kuzunguka chemchemi za maji moto.

Mbele yake, kwenye kambi ya ziwa Louise, thamani ya ganda gumu hudhihirika. Dubu huzunguka eneo hilo, na wenye mahema hupangwa ndani ya uzio wa umeme, hali wenye matela ya kuta ngumu wana kambi yao. Hata hao hawaruhusiwi kuacha chakula, sahani chafu wala sabuni nje. Vyote hufungiwa ndani. Ukipita ziwa Louise, barabara huvuka mlango wa milima uitwao Kicking Horse, wenye kimo cha mita 1,627, kisha huteremka kwa ghafula kuelekea kijiji cha Field. Katika mteremko huo dereva huingiza gia ndogo, na breki za tela huanza kurudisha gharama yake. Watoto waliolala nyuma ya gari hawajui kwamba fedha zilizowafikisha salama zilitumika juu ya ekseli, wala si juu ya mapazia.

KAZI YA MWISHO WA MSIMU

Septemba ikiisha, maji yote hutolewa katika bomba na pampu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Palipobaki unyevu hupitishwa dawa isiyo na sumu ya kuzuia kuganda. Betri huingizwa nyumbani, mitungi ya gesi hufungwa na kuachwa nje, matandiko hutolewa yasipate ukungu. Kisha mwenye tela hulala tena chali chini yake na taa mkononi, akaitazama ile sehemu ya mkono wa kukokotea, na kama ameona ufa anayo miezi saba ya kumtafuta fundi.