Dani Hajarogwa, Dani ni Mgonjwa

Wasee, kuna swali watu wakubwa wanalikwepa sana: mtoto akiuliza kwa nini dani hamjui tena, unamjibu nini?

Majibu nimeyasikia Migori mjini na nyumbani Homa Bay, upande wa Kendu Bay. "Dani amechoka." "Dani anakutania tu." Na lile mbaya kabisa, linalosemwa chini chini jikoni: "Huyu amerogwa." Ama eti yeye ndiye mchawi. Mnadhani watoto hawasikii? Wanasikia kila kitu.

Hii mambo ya uchawi si mchezo. Oktoba 2021, hapo jirani Kisii, upande wa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowaita wachawi. Mzee akianza kutangatanga usiku, kuongea peke yake, kusahau hata jina la mjukuu, na watu hawajui ni ugonjwa gani, wanatafuta wa kulaumu. Mtoto unayemfunza leo kumwogopa dani atakuwa kijana kesho. Atasimama upande gani?

Ugonjwa una jina: dimensia. Aina yake inayopatikana zaidi ni Alzheimer, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Ubongo ndio unaougua. Hauambukizi, na si uzee wa kawaida. Mpeleke mzee hospitali mapema, kwa sababu kuna kusahau kunakoletwa na vitu vinavyotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au shida ya tezi ya shingo.

Lakini mtoto wa miaka sita utamwambia nini kuhusu ubongo? Mimi mpwa wangu nilimpa hadithi ya dero, ile ghala ya nafaka ya kwetu. Unainua paa, unamwaga mavuno mapya juu ya yale ya zamani. Sasa panya ameingia kupitia paa. Anakula ya juu kwanza. Ya chini kabisa hajayafikia bado.

Akafikiria kidogo. "Kwa hivyo mimi niko juu?"

Ndio, wewe uko juu. Si kwamba dani hakupendi. Umekuja juzi tu.

Na ndivyo dimensia inavyokuwa mara nyingi: mambo mapya yanapotea kwanza, ya zamani yanakaa. Dani anaweza kuitisha chai na kikombe kiko mkononi. Lakini mwulize kuhusu Simbi Nyaima, lile ziwa letu, uone. Anakaa wima. Anakupa kijiji kilichokuwa kwa ngoma, kikongwe mgeni aliyefika na njaa, watu wakamfukuza, na mama mmoja peke yake aliyemkaribisha. Usiku maji yakameza kijiji chote.

Kwa hivyo kwetu tuna sheria mbili. Ya kwanza, ukifika unajitambulisha: "Dani, mimi ni mtoto wa fulani." Hakuna kumpima na "unanijua mimi ni nani?" Huo ni mtihani, na anajua anaufeli. Ya pili, akirudia hadithi mara tatu, tunasikiza mara tatu. Watoto hawana shida na hiyo. Wao wenyewe wanapenda kurudiwa. Ni sisi wenye simu ndio tunachoka.

Juzi mpwa wangu akaniuliza lile swali nilikuwa nangojea: "Na panya akifika chini kabisa?"

Sikumdanganya. Nilimwambia atafika, na siku hiyo sisi ndio tutamsimulia dani habari za Simbi, hata kama atadhani anaisikia mara ya kwanza.

Sasa kijana yuko kwa mazoezi. Nikisimulia haraka na niruke yule mama aliyefungua mlango, ananisimamisha hapo hapo.