Maikromita Haijui Unyoofu

Nilikaa dawati la ukaguzi katika karakana moja ya Changamwe hadi nilipostaafu. Michoro iliyotufikia ilikuwa ya mashine za Marekani na za Ulaya, na mafundi waliisoma yote kwa jicho moja. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita nikibishana nao juu ya jambo hilo.

Chukua shafti ya milimita 25, inayoruhusiwa kupungua hadi 24.98. Ipime kwa maikromita kichwani, katikati na mkiani: kote 24.99. Sasa iviringishe juu ya bamba bapa, utaona mwanga ukipenya chini yake. Imepinda kwa milimita 0.05. Kwa mchoro wa ASME Y14.5, kiwango cha Marekani, hiyo ni mbovu, kwa sababu haitapita ndani ya geji ya duara ya milimita 25 yenye urefu wa shafti nzima. Kwa mchoro wa ISO 8015, kiwango kinachotumika Ulaya, saizi yake ni sahihi. Unyoofu una toleransi yake mbali, isipokuwa mchoraji awe ameandika E ndani ya duara.

Geji hiyo chanzo chake ni William Taylor wa Leicester, Uingereza, aliyeipatia hataza mwaka 1905. Alitaka geji ya kupita ikague umbo zima kwa pamoja, na ile ya kutopita ikague kila kipimo peke yake. Sijaona wazo lililonisaidia kuliko hilo.

Vijana walihangaika zaidi na ngazi ya shafti, pale kipenyo kinapobadilika. Urefu wa ngazi una namba na toleransi kama vipimo vingine, wakaudhani nao ni saizi. Nikawaambia watazame nyuso. Za mfereji zinatazamana, za ulimi unaoingia humo zinapeana mgongo. Zote mbili zina kitu cha kubana au kujaza. Za ngazi zinatazama upande mmoja. Hazina bapa la katikati, kwa hiyo alama ya M, ile inayoongeza toleransi tundu linapopanuka, haina pa kushika hapo.

Mchoro usiotaja kiwango sikuupima. Niliurudisha ofisini mteja apigiwe simu kwanza, hata kama mashine imesimama na fundi ananisubiri mlangoni.