Hodi Marufuku Mpaka Saa Saba

Safari ya kutoka Tanga hadi Kitale sitaisimulia sana, maana sehemu kubwa niliipita usingizini. Horohoro, Mombasa, basi la usiku hadi Nairobi, kisha jingine la mchana lililopanda na kupanda mpaka masikio yakaziba. Nilipozinduka vizuri tulikuwa tumeshaiacha Eldoret. Soy ikapita, Moi's Bridge ikapita, na kulia na kushoto ni mahindi tu, yamerefuka kumpita mtu mzima. Mimi ni mtu wa minazi na mikonge. Nikamwuliza jirani yangu wa kiti ni nani anayekula mahindi yote hayo. Akacheka. "Nchi nzima, mama."

Kaka yangu alinipokea stendi akiwa amevaa koti zito kama mtu anayekwenda Ulaya. Nilitaka kumcheka, lakini meno yangu yalikuwa yanagongana. Ilikuwa Julai, na Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwenye begi nilikuwa na khanga, madera na sweta moja jepesi. Usiku huo wifi alinipa blanketi tatu bila hata kuniuliza.

Huyo wifi ndiye aliyenipeleka huko. Ni Mbukusu wa Bungoma, aliacha kazi ya benki, na habari zilizotufikia Tanga zilisema kwamba amewatoa watoto wote shule anawasomesha mwenyewe sebuleni, eti kwa ajili ya dini. Mama alinituma waziwazi: nenda ukaone kama wajukuu wangu wanalelewa au wanafugwa.

Nami nilikwenda na dukuduku langu. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Kwetu Ukristo na shule viliingia kwa mlango mmoja. Aliyebatizwa alipewa na ubao wa kuandikia. Kwamba mtu aamini sana mpaka amtoe mtoto shule, hilo sikuwahi kulisikia.

Asubuhi tuliamshwa saa kumi na mbili kwa ibada. Kifungua mimba, mvulana wa miaka 11, alisoma. Wa pili, msichana wa minane, alianzisha wimbo. Kitinda mimba, mwenye mitano, alimwombea ng'ombe wa jirani anayechechemea. Tukanywa chai, nayo ilikuwa maziwa yaliyopitiwa na majani. Ilipokaribia saa mbili, wifi akatoka na kitambaa chekundu, akakifunga getini, akarudi ndani na kufunga mlango.

"Kuna msiba?" nikauliza.

"Hapana wifi, hiyo ndiyo kengele yetu. Kikiwa pale hapapigwi hodi mpaka saa saba."

Nilinyamaza, lakini moyoni nilishtuka kweli. Mtaani kwetu Makorora, Tanga, hodi haina saa. Jirani anakuja kuomba chumvi saa tatu, na adhana ya adhuhuri inamkuta bado yupo, amekwisha kukusaidia kuchambua mchele. Nyumba inayofungia majirani asubuhi nzima ingezungumzwa mpaka Pangani. Nilikuja kuambiwa kwamba hapa pia ilizungumzwa. Walisema ana maringo, wengine wakasema anaficha wagonjwa.

Chumba cha masomo ndicho kilichoniacha mdomo wazi. Meza tatu zimeelekezwa ukutani, na kila moja imekingwa kwa mbao pande mbili, mfano wa vibanda vya kupigia kura. Mtoto hamwoni mwenzake. Juu ya kila ubao pana bendera ndogo, na mwenye swali haiti wala hanyooshi mkono. Anasimamisha bendera yake na kungoja. Utaratibu huo ulianzia Texas, Marekani, mwaka 1970, kwa jina la Accelerated Christian Education, na umeenea nchi nyingi. Badala ya kitabu kimoja kinene, mtoto anapewa vijitabu vyembamba, 12 kwa mwaka kwa kila somo. Anajisahihisha mwenyewe kwenye meza ya majibu, kisha anafanya mtihani, na akipata chini ya asilimia 80 anarudia. Hakuna kumngoja aliye nyuma, wala kumkimbilia aliye mbele. Kwa kuwa vijitabu ni ghali, wifi anawataka waandike majibu kwenye daftari, ili kijitabu cha kaka kije kimfae mdogo wake.

Palikuwa kimya mpaka nikaisikia saa ya ukutani. Nimekulia darasa la watoto sabini wanaoimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja. Ukimya wa namna ile niliuzoea kwenye chumba cha mtihani tu. Ghafla bendera ya kitinda mimba ikasimama. Mama yake akainama. Mtoto alitaka kujua kama kwa shangazi baharini kuna papa.

"Bendera ni ya swali la kitabu."

"Papa yumo kitabuni," akajibu, akafunua ukurasa. Na kweli alikuwamo.

Si kila mama wa Kitale anayefundisha nyumbani anafuata njia hii. Wifi alinitajia wenzake wanaomfuata Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliyetaka mtoto mdogo ashinde nje na asomewe hadithi nzuri. Wengine wananunua vitabu vya mtaala wa serikali na kuvifuata hivyo hivyo. Yeye mwenyewe anachanganya. Kiswahili anakifundisha kwa vitabu vya Kenya, maana Texas haina cha kumfundisha Mbukusu kuhusu ngeli.

Alianzaje? Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, naye akajikuta na mtoto wa darasa la kwanza mezani. Shule zilipofunguliwa kikamilifu, Januari 2021, mtoto hakurudi. Sababu alizonipa ni mbili. Moja, basi la shule lilikuwa likimchukua mtoto kungali giza na kumrudisha giza, analalia sahani. Pili, sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati, inayowaagiza wazazi wawafunze watoto wao nyumbani na njiani, wakilala na wakiamka. Ile ya kwanza iliniingia mara moja. Sura hiyo ya Torati naijua tangu Kipaimara, ila sikuwahi kuisoma kama ratiba ya vipindi.

Ninalotaka kumsimulia mama kuliko yote ni wifi mwenyewe. Saa nne, watoto wakila ndizi, yeye anakatakata sukumawiki huku anasahihisha. Alasiri anafua. Usiku wote wakiwa wamelala, nilimkuta jikoni peke yake na kijitabu cha kifungua mimba, anapambana na sehemu na desimali za kesho, kalamu mdomoni. Aliyekuwa shule kwelikweli katika nyumba ile ni yeye.

Siku moja alitutoa wote kwenda makumbusho ya Kitale, ambayo mzizi wake ni mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, askari Mwingereza aliyependa vipepeo kupita kiasi na kuanzisha makumbusho yake mwaka 1926. Kuna nyoka, kuna nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila ya huku, na njia ya kutembelea ndani ya msitu wa miti ya asili. Tulikutana na wanafunzi wa shule fulani, sare, mistari miwili, mwalimu na kifimbo. Mvulana mmoja akachomoka kwenye mstari, akawatazama wetu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nyinyi mmefukuzwa karo?"

"Hapana. Mwalimu wetu ni mama."

Yule mtoto akafikiri kidogo. "Na akikuchapa, unamshtaki kwa nani?"

Kifungua mimba hakuwa na jibu. Nilimtazama wifi, naye alikuwa anawatazama sana vipepeo.

Jumamosi tukapanda matatu kwenda Bungoma kwa mama mzazi wa wifi, tukipitia Kamukuywa, Kimilili na Chwele. Mlima Elgon ulitufuata upande wa kulia, umejifunika mawingu. Chwele ni soko hasa: vitunguu, nyanya, kuku wanaoning'inia kwenye pikipiki, na dereva wetu akapunguza mwendo kwa heshima ya mbuzi. Kushuka zaidi, mahindi yakaanza kupokezana na miwa.

Kukhu, kama watoto wanavyomwita bibi yao, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na muumini wa kanisa la Marafiki, wale Waquaker ambao wamisionari wao Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902 na kujenga kanisa na shule pamoja, kama walivyofanya wa kwetu. Mlango wake haufungwi. "Mulembe!" anaitikia, na kila anayeingia anapewa kiti. Hapo nilijisikia nimerudi nyumbani.

Kwa binti yake hakuficha kitu. "Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka yote, lakini nyinyi niliwapeleka kwa mwalimu mwingine. Mwalimu awe mtu mmoja, mama awe mwingine. Na serikali je?" Hilo halikuwa tisho la bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, la sivyo ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2019 baba mmoja wa Butere alikamatwa kwa kusomesha wanawe nyumbani. Kesi ya wazazi wanaotetea masomo ya nyumbani ikafika Mahakama Kuu, na mwaka 2021 wakashindwa. "Na Butere si Ulaya," akasema kukhu. Wifi akajibu taratibu kwamba anajua, na kwamba anaomba.

Kisha yule mpinzani wa masomo ya nyumbani akaanza kufundisha. Palikuwa na gunia la mahindi ukumbini, kilo 90. Akamwuliza kifungua mimba: gorogoro, kopo la kupimia, ya kilo mbili itachota mara ngapi? "45," akajibu bila kupepesa. Jirani aliyekuja kuazima toroli akaangua kicheko. "Ya kitabu ni 45. Dalali akija kununua kwangu, gorogoro yake ina kitambi, gunia linaisha kwenye 40. Akikuuzia wewe, imebonyea." Mvulana akaenda kuichukua gorogoro ya bibi yake, akaigeuzageuza, akaikagua kitako, akaanza kuchota na kuhesabu. Binamu zake wakaja, kuku wakaja, mwanamke mmoja akaleta habari za harusi, na hesabu ikaanza upya zaidi ya mara moja. Wifi alikaa ameshika kikombe. Hakumzuia mtu hata mmoja.

Tulipokuwa tunaaga, kukhu alimkabidhi kaka yangu kuku aliyefungwa miguu, akamgeukia mjukuu.

"Agosti shule zote zinafungwa. Na ya kwenu je?"

Mtoto akamtazama mama yake.

"Sisi tunafunga tukimaliza vijitabu," akasema wifi.

"Basi vimalizeni Agosti," akasema kukhu. "Nina magunia mengine sita."