Papa Wendo, Ukumbi wa Brussels na Matanga ya Bunia

Katika filamu walizozitengeneza wageni juu ya waimbaji wa Kongo, hakuna iliyonikaa moyoni kama ile ya Jacques Sarasin iitwayo On the Rumba River, isimuliayo maisha ya Antoine Wendo Kolosoy, ambaye sisi sote, toka Kinshasa hata kwetu Bunia, huko Ituri, tulimwita Papa Wendo. Niliitazama hapa Brussels, pamoja na hadhira ambayo wengi wao hawajui Kilingala wala Kiswahili, na tangu hapo nimekuwa nikizipima namna mbili za kumheshimu mwimbaji ambaye zama zake hazikumpa haki yake: ile ya ughaibuni na ile ya nyumbani Ituri.

Mzee huyo alizaliwa mwaka 1925, akawa yatima angali mtoto, akalelewa na mapadri, kisha akawa fundi wa mitambo katika meli za mto Kongo, na wakati mwingine alipigana ndondi kwa ajili ya riziki. Mwaka 1948, akishirikiana na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi wimbo wa Marie-Louise kwa Mgiriki Jéronimidis, mwenye studio ya Ngoma, na sauti yake ikaenea kila palipokuwa na gramafoni. Watu wakanong'ona kwamba wimbo ule ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu. Wakubwa wa kanisa wakaghadhibika. Na husimuliwa kwamba alilazimika kuondoka Léopoldville, yaani Kinshasa, akatiwa kifungoni kwa muda huko Stanleyville, yaani Kisangani, mji ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa makao makuu ya mkoa wetu. Baada ya kuuawa Lumumba, mwaka 1961, aliuacha muziki, akakaa katika ukimya karibu muda wote wa utawala wa Mobutu, hata alipozeeka ndipo alipoitwa tena jukwaani, katika miaka ya 1990. Filamu ilipotoka, umri wake ulikuwa ukingoni: alifariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008.

Ukumbini nilishangazwa na jambo dogo. Hadithi ilipokwisha, watu hawakuinuka. Walikaa kimya gizani huku majina yakipanda taratibu kwenye pazia, jina la aliyetunga, la aliyeitikia, la aliyepiga gitaa, la aliyefasiri maneno, mpaka la yule aliyebeba vyombo, na jirani yangu, bibi wa Kibelgiji aliyekwisha kuvaa koti lake, aliyasoma yote kwa taadhima.

Kwetu Bunia wimbo hauna ukumbi. Katika matanga, mitaa ya Mudzipela au Nyakasanza, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, mama mmoja huanzisha sauti, wenziwe wakamwitikia, na wimbo huo hufanya kazi ambayo filamu haiwezi kuifanya: humliwaza mfiwa, huwakesha wageni, humpa mtu mzima ruhusa ya kulia mbele za watu. Tangu vita vilivyozuka mwaka 1999, vilivyowatawanya watu wa Ituri na kuwafukuza kutoka vijijini mwao, nyimbo hizo zimekuwa karibu mali pekee ambayo mkimbizi aliweza kuibeba bila ya kunyang'anywa. Walakini hapana aulizaye ni nani aliyezitunga. Na aghalabu mtungaji yu hai, anaishi mtaa wa pili, hana hata nauli ya pikipiki, naye husikia maneno yake yakiimbwa na watu wasiomjua.

Sisemi kwamba ughaibuni wametutangulia kwa kila jambo. Mwimbaji Rodriguez wa Detroit, Marekani, alibomoa nyumba za watu kwa ujira miaka mingi, huku sahani zake zikipendwa mno Afrika Kusini bila yeye kuwa na habari, na filamu iliyomtangaza kwa ulimwengu haikutoka mpaka mwaka 2012. Tena huku wanapenda mno dhiki ya msanii, kana kwamba taabu zake ni utamu zaidi ya sauti yake, na hilo linanichukiza. Lakini jina wameliandika, na jina likiandikwa, haki huwa na mahali pa kushika.

Kwa mfano, mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Kongo ya Kibelgiji na mashine zake za kunasia sauti. Huko Jadotville, yaani Likasi, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akamuuliza jina, akaliandika. Na kwa sababu hiyo wimbo wake wa Masanga ulisafiri na mwenyewe, hata akaalikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Safari ya mwaka huohuo ilimfikisha Tracey pembezoni mwa msitu wa Ituri, na sauti za wazee wetu alizozinasa zimetunzwa mpaka leo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954.

Ndugu zangu mlioko Bunia, nyumba nyingi sasa zina simu iwezayo kunasa sauti kwa urahisi kuliko mashine zile. Mumwendee mama aanzishaye nyimbo matangani, mmwamkie kwa heshima yake, na kabla ya kumwomba aimbe mmuulize aitwa nani, wimbo ameupata kwa nani, na kama ni wake, aliutunga mwaka gani na kwa msiba wa nani. Kisha majibu yake yapelekwe Radio Candip pamoja na sauti yenyewe, na mtangazaji alitaje jina hilo kila wimbo upigwapo.