Nyimbo Zilizomo Garini Mwangu



Juma lililopita nilimbeba garini mama mmoja wa kwaya kutoka Rwamishenye. Redio ikaanza kuimba, na sauti ilikuwa yake. Akatabasamu, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba Paroko, hii uliinunua mezani kwetu?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimejaziwa nyimbo hizo kwenye flashi, kibandani, kwa bei isiyofika soda moja.

Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999. Na mwaka 2013 kanda, CD na DVD zilianza kubandikwa stempu za kodi, ili iliyo halali itambulike. Lakini nyimbo zilizonakiliwa kwenye flashi hazina pa kubandikwa stempu, inabaki dhamiri. Wanakwaya huchangishana fedha za studio, na meza ile ya CD nje ya kanisa baada ya Misa ndiyo inayowarudishia.

Jumapili nilinunua CD mbili, ingawa gari langu halina pa kuzichezea. Nimewaomba pia wauze flashi zao wenyewe, mezani palepale. Na tuanzie hapo, ndugu zangu: amri ya saba haimruki paroko.

Tumsifu Yesu Kristo.