Zimwi Likujualo

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii aghalabu hutumiwa kumliwaza mtu aliyetendwa na jamaa yake: hata akiumizwa, ipo sehemu itakayosazwa. Ni wachache wanaomfikiria yule anayeliwa. Je, anajua ameliwa kiasi gani? Na kile kilichosazwa, bado ni chake au ni akiba ya zimwi?

Maswali haya yalimsumbua binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, asubuhi aliyoketi na mamake katika mahakama ya hakimu ya mji mdogo magharibi mwa Kenya. Babake alikuwa ameshtakiwa kwa kumpiga na kumjeruhi mama, kosa ambalo chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu laweza kumtia mtu gerezani miaka 5. Kesi ilikuwa kazi ya mikono ya binti. Ni yeye aliyempeleka mama kituoni usiku na kuhakikisha kwamba malalamiko yameandikwa na kupewa nambari. Ni yeye aliyepiga foleni hospitalini hadi fomu ya P3 ikajazwa: jeraha juu ya jicho la kushoto, kifundo cha mkono wa kulia kimeteguka.

Kwa majuma matatu baba alikuwa rumande kwa kukosa mdhamini. Asubuhi hiyo mama alibeba kikapu kidogo. Binti alidhani mna chakula chao cha mchana. Kilipofunuliwa, mlikuwa na sweta ya baba na dawa zake za shinikizo la damu.

"Huko ni baridi," mama alisema bila kuinua macho. "Na dawa hamezi asipokumbushwa."

Kesi ilipoitwa, mama alisimama kizimbani, mkono uliofungwa bendeji ukiwa kifuani.

"Mheshimiwa, naomba kuiondoa kesi hii. Tumesameheana."

"Kuna mtu yeyote aliyekutisha au kukuahidi kitu?" hakimu aliuliza.

"La, Mheshimiwa. Ni mume wangu."

Jibu hilo liliandikwa. Kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai humruhusu mlalamishi kuondoa malalamiko yake kabla ya amri ya mwisho, iwapo ataipa mahakama sababu za kutosha. Msamaha ulionekana kuwa sababu ya kutosha. Kabla ya adhuhuri baba alikuwa barabarani amevaa sweta yake, na mama akimfuata nyuma na kikapu kitupu.

Ndani ya matatu binti hakunena neno. Alijiona kama mtu aliyechota maji kwa pakacha. Alikumbuka wazee wa ukoo waliokuja mara mbili juma lililotangulia, wakaketi chini ya mwembe na kusema kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Alikuwa tayari kuwalaumu hao. Lakini jioni, walipobaki wawili jikoni, alimuuliza mamake waziwazi:

"Mama, kwa nini?"

Mama alipuliza moto kwanza. "Wewe unamwona siku anaponipiga. Mimi ninamwona siku zote nyingine. Nikimwacha atakunywa hadi afe, na watu watasema nimemuua. Tena shamba ni lake. Karo ya wadogo zako hutoka kwake. Akifungwa yeye, tumefungwa sote."

Wanasaikolojia wana jina la hali hii: utegemeano unaodhuru. Dhana hiyo ilikua nchini Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1970, miongoni mwa watu waliowatibu walevi na kugundua kwamba jamaa za walevi nao walikuwa na donda lao. Mke huzoea kuipima thamani yake kwa jinsi anavyomtuliza mumewe, akasahau kwamba naye ana mwili na moyo. Mnamo mwaka 1979, Lenore Walker alieleza mzunguko wa awamu tatu: wasiwasi hujijenga, kipigo hushuka, kisha huja majuto na upole. Kesi nyingi hufika mahakamani katika awamu hiyo ya tatu, mshtakiwa anapokuwa mpole kuliko siku zote.

Hata hivyo, neno hili lina hatari yake. Kusema watu wawili wanategemeana ni kudokeza kwamba wamebeba mzigo sawa. Mmoja ana ngumi, shamba na fedha; mwingine ana ujuzi wa kunusa hasira kabla haijafika. Wasomaji wa riwaya ya Utengano watamkumbuka Bi Tamima aliyefungiwa ndani na Bwana Maksuudi. Kumwita mwanamke wa aina hiyo mshirika katika mateso yake ni kumpiga mara ya pili, safari hii kwa istilahi.

Mama hakuwa mjinga, wala hakuwa amesamehe. Alikuwa amepewa mambo mawili ya kuchagua: kumpeleka mumewe jela au kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyemweleza kwamba lipo la tatu. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 humwezesha mdhulumiwa kuomba amri ya ulinzi inayomkataza mdhalimu kumpiga, kumtisha au kumkaribia. Mahakama inaweza hata kumwamuru mdhalimu aondoke katika nyumba waliyoishi pamoja, bila kumfunga. Sheria hiyo huitambua pia dhuluma ya kiuchumi, na humtaka afisa wa polisi anayepokea malalamiko amweleze mlalamishi nafuu zote zilizopo. Laiti yeyote kati ya afisa, kiongozi wa mashtaka na hakimu angemuuliza mama swali moja tu, "Leo usiku watoto watakula nini?", huenda sababu halisi ya msamaha ule ingejulikana.

Binti alikuwa katikati ya kumweleza mamake haya lango lilipolia. Mama alinyamaza. Binti naye alinyamaza. Wote wawili walitega masikio wakizihesabu hatua uani: nzito au nyepesi, zimenyooka au zinapepesuka? Zilikuwa nyepesi. Baba hakuwa amelewa. Wakashusha pumzi kwa pamoja, na hapo hasira yote ya binti ikamwishia, kwani alitambua kwamba naye aliujua ujuzi ule tangu utotoni. Ndio uliomfanya apige simu nyumbani kila jioni kutoka chuoni, na swali lake la kwanza likawa daima, "Baba yuko vipi?" Hakuwahi kuuliza mama yuko vipi.

Asubuhi ya kurudi chuoni alimpa mamake nakala ya fomu ya P3, na karatasi aliyoandika kwa mkono jinsi ya kuomba amri ya ulinzi. Hakumhimiza. Mama alizikunja karatasi zile mara nne, akafunua mkebe wa unga na kuzifukia hadi chini kabisa, mahali ambapo baba hajawahi kutia mkono.

"Ukifika unipigie," alisema. "Uniulize mimi."